Safu ya Tatu

Dawati langu liko nyuma ya dirisha la tiketi,
stesheni ya Moshi, mlango usiofunga vizuri.
Kalamu nimeifunga uzi kwenye mguu wa meza,
maana hapa hata kalamu husafiri bila nauli.

Daftari lina safu nne, nazichora mwenyewe kwa rula:
Tarehe. Jina. Kilichopotea. Thamani.
Treni ya Dar ikiingia asubuhi, au ikichelewa, adhuhuri,
watu hushuka wakijipapasa
kama waliofika na mwili wa kuazima.

Simu, Korogwe, mwenyewe usingizini.
Kiatu kimoja, cha kushoto, Mombo.
Laki mbili na nusu zilizoshonewa ndani ya sidiria ya mkewe;
mkewe yuko Dar. Sikumuuliza Mzee Mshana zaidi.
Meno ya bandia, seti ya juu.
Naandika yote. Askari wa reli hupitia Ijumaa,
hugonga muhuri, husema "tunafuatilia,"
na neno hilo lina miaka mitatu njiani, halijafika.

Jumatano akaja Ndeshukurwa, fundi cherehani wa Kiborloni,
mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili.
Mama, si huu hapa mkoba?
"Upo."
Simu?
"Ipo."
Fedha?
"Zimetimia. Nimezihesabu mara tatu."
Sasa unaripoti nini?

Akakaa. Akaomba maji.

"Dirisha lilikuwa halipandi. Nimelalamika tangu Dar,
mhudumu akasema kifaa kimeagizwa.
Kisangiro treni ikasimama, taa za behewa zimekufa,
nikahisi mkanda wa mkoba unanyooka
kama kambare kala chambo.
Nikadaka mkono. Mwembamba, mwanangu, kama mwiko.
Hapo hapo treni ikang'oka.

"Alikimbia nayo. Kisha hakukimbia tena,
mguu mmoja umepata pa kukanyaga, mwingine unaning'inia.
Behewa zima likaamka:
Mwachie! Asagike! Mwizi huyo!
Na yeye ananiambia taratibu, kama mtu anayeomba chumvi,
mama, usiniachie.
Mkoba alishauangusha mapajani mwangu.
Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika cha mtu.

"Nilimshika. Nilihesabu nguzo mpaka namba zikanichanganya.
Kuna kijana, amevaa suti kabisa, akaja kunibandua vidole.
Nilimng'ata.
Karibu na Kahe treni ikapunguza mwendo, mkono ukateleza,
jasho lake au langu, sijui.
Nikasikia kokoto.
Kilio sikusikia.
Sikusikia kitu kingine."

Akapandisha mkono wa gauni: alama nne za kucha,
zimeiva rangi ya zambarau.
"Nataka kujua kama alifika."

Miaka kumi na moja nimekaa dawati hili
na hakuna aliyewahi kuniulizia mwizi
ila kwa fimbo mkononi.
Nikatazama safu zangu. Nikashika kalamu,
uzi ukakaza, ukanivuta kiganja.

Nikapiga simu Kahe. Mkuu wa stesheni alikuwa anakunywa uji,
nilimsikia akimeza.
Hakuna maiti, akasema. Hakuna majeruhi.
Kuna kandambili moja kando ya reli, ya bluu, mguu wa kulia.
Vipi, mwenyewe kajitokeza?

Ndeshukurwa alikuwa akinitazama mdomo.
Nikamwambia: mmoja wa miguu yake umeacha kiatu.
Akafikiri. Akasema, "Basi mwingine ulikuwa nacho,"
akaondoka na mkoba wake, bila kutia sahihi.

Safu ya tatu nikaandika: kandambili.
Ya nne nikaiacha wazi.
Kisha, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa bado,
nikaongeza pembeni, kwa mwandiko mdogo,
nikapigia mstari kwa rula:
behewa la nne, dirisha halipandi.